Swali la Mtalaka

Kanda ile alituletea ami yangu kutoka Dubai mwaka 1984, pamoja na kitambaa cha suruali na saa ya ukutani ambayo haikupata hata siku moja kwenda sawa na adhana ya mtaani kwetu. Ilikuwa kanda ya kunakiliwa. Juu yake mtu ameandika kwa wino wa buluu herufi nne tu, ABBA, bila ya orodha ya nyimbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha skuli, cha kuitaja kalamu na dirisha. Nikaiazima kamusi ya Johnson, ile iliyotoka mwaka 1939, kwa jirani yetu mmoja aliyekuwa mwalimu. Kila usiku nikawa naikalia redio na kamusi, narudisha kanda nyuma kwa kalamu ya risasi ili kuzionea huruma betri, nalisaka neno moja moja. Ndivyo nilivyojifunza lugha ambayo baadaye imenipa nusu ya riziki yangu. Sikupata mwalimu mwengine.

Wimbo ulionishinda kuliko wote uliitwa "The Winner Takes It All". Maneno yake si magumu, na karibu yote niliyakuta kamusini. Nikampata mshindi, nikampata aliyeshindwa, nikapata karata na dado, nikapata na majaji, na kwa uhakika wote wa umri ule nikafikia uamuzi kwamba huu ni wimbo wa michezo, pengine wa mpira. Kilichonitia shaka ni sauti ya yule mwanamke. Sikupata kumuona mtu aliyefungwa mabao mawili kwa moja akaumia namna ile.

Nilipokuja kuuelewa, miaka mingi baadaye, nilikuta ni wimbo wa mtalaka. Mwanamke anazungumza na mwanamme waliyeachana, ambaye sasa ana mwengine. Anaanza kwa kukataa kuyarejea mambo yaliyopita, kisha anayarejea kwa takriban dakika tano. Muziki wenyewe ni wa vipande viwili tu vya sauti, vinapokezana na kurudi, piano ikiteremka kama mtu anayeshuka ngazi ileile kila mara. Katikati ya maneno yale ya kistaarabu, ya mtu anayejitahidi kushindwa kwa adabu, linamponyoka swali ambalo adabu haikulipangia nafasi: anataka kujua kama mabusu ya huyo mpya yanalingana na yake. Wivu wote wa wimbo umo humo. Kabla ya hapo na baada ya hapo ni heshima tupu, na kwa hivyo swali lile linachoma zaidi, kama mtu aliyekaa kimya matangani siku nzima, kisha akaropokwa neno moja wakati wa kuaga.

Sisi tuliolelewa na taarab tunajua kwamba anayeimba si lazima awe ndiye aliyetunga. Tangu zama za Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa kwenye santuri mjini Bombay mwaka 1928, maneno yamekuwa yakitoka kwa huyu, muziki kwa yule, na sauti kwa mwengine kabisa. Msikilizaji hajali. Anayemtazama jukwaani ndiye mwenye maneno. Lakini mimi nimekuwa mtunzi, na mtunzi haachi kuuliza nyuma ya pazia kuna nani. Kwa hivyo nilipopata vitabu na majarida ya kunieleza habari za kundi lile la Uswidi, jambo la mwanzo nililolitafuta ni nani aliyeyaandika maneno ya mwanamke yule.

Aliyeimba ni Agnetha Fältskog. Aliyeandika ni Björn Ulvaeus, na muziki aliutunga pamoja na Benny Andersson. Björn na Agnetha walioana mwaka 1971, wakapata watoto wawili, na Januari 1979 ikatangazwa kwamba wameachana. Muda mfupi baada ya kutengana, Björn alikuwa ameshampata mwenzi mwengine, Lena Källersjö, ambaye alimuoa mwaka 1981. Wimbo wenyewe ulirikodiwa Stockholm, katika studio ya Polar, mwaka 1980, na mwaka huohuo talaka ikakamilika. Basi tuyapange mambo haya katika mstari mmoja, msomaji. Mume aliyekwisha kutengana na mkewe, naye ana mwanamke mwengine, anakaa kuandika maneno ya wivu wa mke yule juu ya mwanamke huyu. Kisha anampa mke yuleyule akayaimbe mbele ya ulimwengu, na yeye ni mmoja wa watayarishaji wanaosikiliza kama sauti imetoka sawasawa.

Mwenyewe amesimulia mara nyingi namna maneno yalivyomjia. Kwanza waliutengeneza wimbo wa majaribio ambao aliuimba kwa vijisauti visivyo na maana, vya kuigiza Kifaransa. Kisha akauchukua nyumbani, akakaa na chupa, na kwa muda wa kiasi cha saa moja maneno yote yakawa yameshuka. Majaribio ya mwanzo aliyaimba yeye, na wapo waliomshauri aendelee kuuimba mwenyewe. Ikaamuliwa apewe Agnetha. Agosti 1980 wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1981 ukafika nafasi ya nane Marekani. Picha yake ya filamu ilipigwa na Lasse Hallström huko Marstrand, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi ya Uswidi. Sisi watu wa visiwani hatuna budi kulitambua lile tembea la mtu anayepita kichochoroni akijua kwamba kila mlango unazijua habari zake. Björn ameshikilia siku zote kwamba kisa ni cha kubuni, ila hisia ni za kweli, na kwamba katika talaka yao hakukuwa na mshindi. Agnetha naye amesema kwamba huo ndio wimbo anaoupenda kuliko nyimbo zote walizoziimba.

Nilipozisoma habari hizo sikushangaa. Niliona haya, na sababu ya kuona haya ndiyo inayonifanya niandike leo.

Nilioa mara ya kwanza mwaka 1994. Tulikaa shamba, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini, kwenye nyumba isiyokuwa na umeme. Mchana nilikuwa karani bandarini, usiku nikiandika. Tukamzaa binti mmoja. Mwaka 1999 nilimpa talaka moja, na eda ikamalizika bila ya mimi kurejea. Sababu zake si za kuandikwa, na nyingi yazo, nikizitazama leo, hazikuwa sababu. Mwaka uliofuata nikaoa tena.

Mwaka 2001 kikundi kimoja cha taarab kiliniomba shairi. Walitaka, kama kawaida, jambo la mapenzi lenye fumbo ndani yake, la kuwatoa kina mama kwenye viti. Nikawapa wimbo ulioandikwa kwa ulimi wa mke aliyeachwa, anayesikia kwamba mumewe wa zamani ameoa. Ubeti wake wa mwanzo ulikuwa huu:

Nimesikia yakini, mwengine umempata,
Kaingia mwangu ndani, funguo akazikuta,
Uandikapo gizani, nani hutia mafuta?
Wala silii jamani, ni moyo unanisuta.

Mizani imetimia, vina vimekaa. Sina la kujitetea kwa upande wa fani. Usiku ulipoimbwa kwa mara ya kwanza nilikaa nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Mwimbaji alipofika kwenye mafuta ya taa, wanawake waliinuka wakaenda mbele kumtunza, noti mkononi, wengine wakitikisa kichwa kwa uchungu, na mmoja akampepea mwimbaji noti usoni huku akimtazama mtu mwengine kabisa, upande wa kulia wa ukumbi, mtazamo ambao kila mmoja wetu aliujua maana yake. Mtunzi hatunzwi, hiyo ndiyo desturi yetu na siilalamikii. Mimi nilitoka mle ndani nikiwa na utulivu wa mtu aliyetimiza haki. Nilijiambia kwamba nimemsemea mke wangu wa zamani maumivu ambayo mwenyewe asingeweza kuyasema. Nilijiona mpole mno.

Ikaja Idd. Nilikwenda kwa kina mtalaka wangu kumchukua binti yetu, nimtembeze. Mama yake alinipokea barazani, akanitilia kahawa, akakaa upande wa pili wa mkeka.

"Baba Fulani," aliniita, kwa jina la mtoto ambalo hapa nalisitiri, "wimbo wako nimeusikia."

Nikamwambia, kwa unyenyekevu ambao sasa naujua kuwa kilikuwa kiburi kilichovaa kanzu, kwamba ikiwa umemuumiza aniwie radhi.

"Haujaniumiza. Nilitaka kukuuliza tu. Aliyeacha ni wewe. Huo moyo unaonisuta mimi, unanisuta kwa lipi?"

Sikuwa na jawabu.

"Na hayo mafuta ya taa," akaongeza, akinisogezea sahani ya tende, "lau ningetunga mimi, ningeuliza huyo mwenzangu anayanunua kwa pesa za nani. Maana mimi nilikuwa nayanunua kwa pesa za maandazi yangu."

Alisema bila ya hasira, na mtoto alikuwa tayari ameshavaa viatu. Nikainuka, nikamshika mkono binti yangu, tukaenda Mnazi Mmoja kupanda pembea. Siku nzima ile sikumbuki nilichokula.

Ule ubeti nimeusoma mara nyingi tangu siku hiyo. Kila mshororo wake unanihusu mimi. Mwanamke aliyemo anaulizia kuandika kwangu, taa yangu, funguo za nyumba yangu. Nilikuwa nimemtungia wivu ili uwe ushahidi wa thamani yangu. Mtu anayeacha hupenda kuamini kwamba aliyeachwa anakonda; na kama hana hakika, na anajua kupanga mizani, basi hukaa chini akamkondesha mwenyewe. Jambo baya zaidi ni ule mshororo wa mwisho. Nilihitaji mtu wa kusutwa, na kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu, nilimtwika yeye.

Kwa miaka minne nilimhukumu Björn Ulvaeus kwa kosa langu. Nikisikia wimbo wake redioni nilisema moyoni: huyu naye. Mwanamme amekaa na mpenzi mpya, anamwandikia wa zamani maneno ya kukiri kwamba bado anamkumbuka, kisha anamwekea kipaza sauti mbele. Niliuona wimbo wote ni kioo cha mwanamme aliyejipaka wanja wa mwanamke ili ajililie mwenyewe.

Mwaka 2005 shangazi yangu alinijia nyumbani baada ya Magharibi. Aliwasalimu wote, akaulizia afya ya kila mtoto, akanywa chai yake hadi tone la mwisho, ndipo akasema, kana kwamba anataja bei ya muhogo, "Mtalaka wako kaposwa. Mtu wa Wete, seremala. Nasikia mtu mwema."

"Allah awajaalie kheri," nikasema, na nilikuwa nayakusudia maneno yale. Nilikuwa na mke ninayempenda na watoto watatu kwa jumla. Sikuwa na azma yoyote ya kurejea nilikotoka.

Usiku ule sikulala. Mtalaka wangu alikuwa na desturi moja ambayo sijapata kuiandika popote mpaka leo. Alfajiri, akikaanga maandazi uani, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, bila ya maneno, mdomo umefungwa, na pindi akisikia kwamba nimeamka alinyamaza. Sikupata kumuuliza kwa nini. Miaka mitano ya ndoa nilikuwa nikijifanya nimelala ili nisikilize. Usiku ule nilipokuwa nageuka kitandani nilikuwa na swali moja tu, la kitoto, la aibu: yule seremala akiamka, je, atanyamaza pia? Au kwa huyu ataendelea?

Tazama sasa, msomaji, lugha yetu ilivyonifungia njia. Nilitafuta jina la kile nilichokuwa nacho. Wivu, kwa nilivyofunzwa na wazee, ni kulinda kilicho chako. Mume ana wivu kwa mkewe, na mke kwa mumewe, nao ukiwa wa kadiri husifiwa. Ghera nayo ni ileile, yenye fahari zaidi. Husuda ni kuchukia kheri aliyopewa mwenzio, na kijicho ni mdogo wake. Mimi sikuwa na cha kulinda, maana nilikitoa kwa ulimi wangu mbele ya mashahidi. Wala sikuwa namchukia seremala wa Wete. Nilikuwa tayari kumuombea dua. Neno la wivu wa mtu asiyekuwa na haki ya wivu sikuliona, na naamini halipo, kwa sababu wakubwa wetu waliona si jambo la kupewa jina. Walilisukuma kwenye nyimbo. Hata katika nyimbo, aghlabu ya mipasho yetu humwelekea mke mwenza, mgomvi kwa mgomvi. Ni nadra kumkuta mtu akimgeukia yule aliyempenda na kumuuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo hana haki ya kuuliza.

Nikaitafuta kanda ya ami yangu. Ilikuwa imeshakatika na kuungwa kwa gundi mara mbili, na mahali pa kiungo sauti inazama kisha inaibuka. Nikausikiliza wimbo ule sebuleni, watoto wamelala, sauti nimeiteremsha. Lilipofika lile swali nilitambua kitu ambacho miaka ishirini na moja ya kamusi haikunionesha. Swali lile ni la mtu anayejua kwamba jawabu lolote litamuumiza, na anauliza hivyo hivyo. Haliwezi kutungwa kwa kujisifu. Mwenye kujisifu huuliza swali ambalo jawabu lake analo, kama mimi na mafuta yangu ya taa. Björn, usiku ule wa chupa, huenda alianza safari aliyoianza kila mmoja wetu, ya kumpa mke wake wa zamani maneno ya kumtukuza yeye. Lakini njiani alifika mahali pengine, nami naamini alifika kwa sababu yule aliyekuwa anauliza ni yeye mwenyewe. Ninayasema haya kama msomaji; mwenyewe hajayasema. Mwanamme aliyeondoka na kupata mwenzi mpya alikuwa na wivu, na hakuwa na haki nao, wala hakuwa na mdomo wa kuutolea. Akaazima mdomo wa mtu pekee aliyestahiki kuuliza.

Naye Agnetha? Hapa ndipo ninapotengana na wale wanaomhurumia kana kwamba alilazimishwa kunywa sumu. Sikiliza anavyoimba. Halii. Anayatamka maneno ya mumewe wa zamani kwa uwazi wa mtu anayesoma barua ya mwengine kwa sauti, na polepole barua ile inageuka kuwa yake. Mtunzi alimpa swali lake. Yeye akalirejesha kwa mwenyewe, mbele ya kadamnasi, na kulitia uchungu ambao haukuwamo katika karatasi. Mtalaka wangu alifanya jambo lilelile kwa kikombe cha kahawa na sahani ya tende.

Mwaka uliofuata nikakaa kuufasiri. Sikuwa na mteja. Nilianza na tarbia ya mizani minane kwa minane, kwa kuwa ndiyo nyumba niliyozaliwa, na baada ya wiki mbili nikaitupa: kila ubeti ulitoka ukiwa na hekima, na wimbo ule hauna hekima hata kidogo. Vina vyetu vina tabia ya kufunga mambo. Nikaandika kwa mishororo mifupi isiyolingana, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba silipendi.

Kichwa kilinitesa zaidi. Mshindi achukuaye vyote ni usemi wa watu wa kamari, na kwa Kiswahili ukisema hivyo unasikika kama unatangaza bahati nasibu. Nikaenda kukaa na wazee barazani wanapocheza bao, nikiwa na daftari, nao wakanicheka, kwani mimi ni mchezaji mbaya mno. Kete sitini na nne, thelathini na mbili kila upande. Nilijua tangu utotoni, lakini sikupata kulitafakari, kwamba katika bao letu kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Aliyekula huipanda upande wake, ikaendelea kucheza, sasa ikimtumikia yeye. Na kuna jambo jengine: aliyeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa, hata kama mstari wa nyuma bado anazo. Unaweza kuinuka ubaoni umeshindwa na huku mashimo yako ya nyuma yamejaa. Nikarudi nyumbani nikiwa na kichwa cha fasiri yangu, "Kete za Nyuma". Wapo watakaosema kwamba nimekwenda mbali na asili. Ni kweli, nami sijutii.

Lakini lililonipa faida kubwa halikuwa la kutafuta. Kiingereza kinapomtaja huyo mpya, hakina budi kusema kwamba ni mwanamke. Kwetu sisi ni "yule", basi. Anakupenda, anakuita, anakungoja: mwanamme au mwanamke, kiambishi ni kilekile. Hata "mtalaka" hutumika kwa wote wawili. Nilikuwa nimeshafika ubeti wa tatu kabla ya kugundua kwamba katika Kiswahili changu haijulikani anayeuliza ni nani. Aweza kuwa mke anayemuuliza mume aliyeoa. Aweza kuwa mume anayemuuliza mke aliyeolewa na seremala. Mara nyingi nimeilaumu lugha hii, nikifasiri riwaya, kwa kunilazimisha kutaja majina mara kumi katika ukurasa mmoja ili msomaji asipotee. Safari hii nilimwacha apotee. Lugha ilikuwa imeurejesha wimbo kwa aliyeuandika bila ya kumnyang'anya aliyeuimba.

Fasiri ile ikakaa sandukuni. Sikumuonesha mke wangu, ijapokuwa anayajua haya yote na ameniruhusu kuyaandika. Alisema tu kwamba mwanamme anayeona wivu wa mambo ya zamani angalau ana kumbukumbu.

Mwaka 2022 binti yetu, ambaye sasa ni muuguzi London, alinipigia simu usiku. Alikuwa ametoka kwenye onyesho la ABBA lililoanza huko mwezi wa Mei mwaka ule, ambamo waimbaji wenyewe hawapo. Zinaonekana picha zao zilizotengenezwa kwa kompyuta, wakiwa vijana kama walivyokuwa zamani, na wapigaji muziki wa kweli wako pembeni. Mwaka huohuo Björn na Lena walikuwa wametangaza kwamba nao wameachana, baada ya miaka arubaini na kitu. Binti yangu hakuwa na habari hiyo, wala sikumwambia.

"Baba, wamemalizia kwa ule wimbo wa kanda yako. Watu wanalia na mtu mwenyewe hayupo! Wewe si uliwahi kuufasiri?"

Nikamwambia ni mambo ya zamani. Akasisitiza. Nikaipiga picha ile karatasi kwa simu, nikampelekea. Baada ya saa moja akaniandikia: "Baba, hapa anayesema ni mwanamme au mwanamke?"

Nikamjibu, "Soma tena."

Siku mbili akakaa kimya. Siku ya tatu alinipigia, na kwa sauti yake nilijua kwamba ana jambo analolizunguka. Alikuwa amemsomea mama yake kwa simu, Wete, mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza alisema nini.

"Hakusema kitu. Alikuwa anapika, nasikia mafuta yanachemka. Nilidhani simu imekatika."

"Kisha?"

"Kisha akauliza: na mafuta ya taa je, kayatia na humu?"